Rekodi kwa biti 24, shusha mwishoni tu
Ndugu zangu mnaorekodi kwaya hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji: kabla hamjabonyeza kitufe cha kurekodi, wekeni mradi kwenye biti 24, yaani idadi ya tarakimu za 0 na 1 ambazo kompyuta hutumia kupima kila kipande kidogo cha sauti. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti ndogo na kubwa inayoweza kushikwa, hivyo biti 16 zinakupa kama 96, na 24 kama 144. Kwaya huanza taratibu, kisha besi na soprano zinalipuka pamoja. Ukiwa na biti 24 unaweza kuacha vilele viishie desibeli -12 (0 ndiyo kikomo cha juu), sauti isipasuke, na sehemu za taratibu zisimezwe na mvumo.

Kwenye kumiksi, acha programu ikokotoe kwa biti 32 za floti (namba zenye desimali inayohama). Anayefanya masta, yaani kuinyoosha miksi kwa mara ya mwisho, mpe WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, tafadhali, si MP3. Biti 16 ni za CD. Shusha hadi 16 mara moja tu, hatua ya mwisho kabisa, ditha (mvumo mdogo sana unaoongezwa makusudi kuficha makosa ya kushusha biti) ikiwa imewashwa, la sivyo mwangwi unaofifia utakwaruza. Na rekodi ya zamani ya biti 16 haiwi safi zaidi kwa kuigeuza kuwa 24.