VT100: ijaribu yenyewe kabla ya kutafuta kebo

Ukipata VT100 ya kampuni ya DEC, terminali (skrini na kibodi za kutumia kompyuta nyingine kupitia waya) iliyotoka 1978, usikimbilie kompyuta. Ina prosesa yake, Intel 8080, kwa hiyo inajipima bila msaada.

Anza mgongoni. Kuna swichi ya volti, na zilizotoka Marekani huja zikiwa 115. Umeme wetu ni 230, isogeze kwanza. Kava usilifungue: ndani mna tyubu ya zile TV za chogo, na chaji hubaki hata ukishachomoa waya.

Chomeka kibodi kwa ile jeki yake nene, washa, subiri tyubu ipate moto. Kiza tupu? Bonyeza SET-UP, kisha mshale wa juu uongeze mwanga. Nyingi zinazoitwa mbovu zimepunguzwa mwanga tu.

Ukiwa humohumo SET-UP, bonyeza 4 mpaka taa ya LOCAL iwake kwenye kibodi, toka kwa SET-UP tena. Andika ESC, #, 8, kimojakimoja. Skrini yote inajaa herufi E. Kagua pembe: E zimelala? Mistari imepinda? Madoa yaliyotanda kama mtoto wa jicho yasikutishe. Ni gundi iliyooza kati ya tyubu na kioo cha mbele. Mimi huyaacha, maana kubandua kioo ni kazi ya anayezijua tyubu.

Sasa mawasiliano. SET-UP, kisha 5 kuingia ukurasa wa B. Bonyeza 7 na 8 mpaka kasi zote mbili, ya kutuma na ya kupokea, ziwe 9600. Kundi la nne la swichi liwe 0011: pariti (biti ya kukagua makosa) imezimwa, biti 8, umeme wa 50 Hz. Unatembea kwa mishale, unageuza kwa 6. Swichi ya mwisho ya kundi la pili, XON/XOFF, inayoiambia kompyuta isubiri, iwe 1, la sivyo herufi zitapotea skrini inapopanda taratibu. SHIFT na S huhifadhi. Rudisha ONLINE kwa 4, kisha toka kwa SET-UP.

Kebo inataka waya tatu tu. Kutoka soketi ya pini 25 kwenda adapta ya USB ya pini 9: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 7 kwa 5. Kwenye Linux, ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote):

stty -F /dev/ttyUSB0 9600
echo Habari > /dev/ttyUSB0

Isipotokea kitu, badilishana 2 na 3. Adapta nyingine zimegeuzwa.