Somo: Kuchagua na kutumia tochi ya kukatia chuma kwa gesi

Wakuu, salamu. Wengi wanaoanza kazi hii hudhani tochi ya gesi inakata chuma kwa kukiyeyusha. Sivyo, na kosa hilo moja ndilo linalozaa mengine yote: presha kupandishwa ovyo, nozeli (ncha ya tochi moto unakotokea) kubwa kuliko bamba linavyotaka, kingo zilizoporomoka kama mshumaa. Tochi inakiunguza chuma. Ndimi ndogo za pembeni zinakipasha mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kama nyuzi 900 za Selsiasi hivi. Hapo oksijeni safi kutoka tundu la katikati inakiwasha chuma chenyewe, nacho kinaungua kama kuni. Yale mavi ya chuma yanayomwagika chini ndiyo majivu yake. Chuma cha kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, mavi yake huyeyuka kabla ya hapo, kwa hiyo yanatiririka na kuacha mfereji safi.

Ukilielewa hilo, utajua pia kwa nini tochi hii inagoma kwenye alumini na stenlesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini gamba la oksaidi linalojijenga juu yake linataka zaidi ya nyuzi 2,000. Stenlesi ina kromiamu, nayo hutengeneza gamba gumu la namna hiyohiyo. Chuma cha kalibu, kama kile cha bloku za injini, kina kaboni nyingi mno na hukatika vibaya. Tochi hii ni ya chuma cha kawaida: mabamba, angle, mihimili, shafti, reli. Huko haina mpinzani, hasa bamba likiwa nene na umeme haupo.

Gesi kwanza, tochi baadaye

Amua gesi ya kuwaka, asetilini au propani, kabla ya kununua chochote (nikisema "gesi" bila jina, ndiyo hiyo, si oksijeni), maana gesi ndiyo itakayochagua nozeli na mipira. Asetilini ikichanganywa na oksijeni hutoa moto wa takriban nyuzi 3,100. Propani hufika karibu nyuzi 2,800. Asetilini hupasha haraka, na joto lake limejikusanya kwenye ncha ya ndimi. Propani inachelewa kuanza na inakula oksijeni nyingi zaidi ya kupashia, ila ni rahisi kupatikana na haina wasiwasi mwingi wa asetilini. Mkato ukishaanza tofauti inapungua sana, kwa kuwa kazi inafanywa na oksijeni. Kwa anayekata mabamba marefu ya chakavu kutwa nzima, ningesema propani. Kwa anayekata vipande vifupi vingi, akianza na kusimama, asetilini.

Usichanganye vifaa vyake. Nozeli ya asetilini kwa kawaida ni kipande kimoja chenye uso bapa. Ya propani ni vipande viwili, na kile cha ndani kimezama kidogo ili moto upate pa kujishikiza. Mpira uliotengenezwa kwa asetilini peke yake huharibiwa taratibu na propani kutoka ndani, nje ukiwa bado unaonekana mzima. Nunua mpira ulioandikwa kuwa unafaa gesi yako.

Tochi zenyewe ziko za aina mbili. Kuna kichwa cha kukatia kinachofungwa kwenye mpini wa kuchomelea, kizuri kwa karakana ndogo inayofanya kazi zote mbili. Halafu kuna tochi kamili ya kukatia, ndefu, yenye mirija inayoonekana kutoka mpini hadi kichwani. Kama kukata ndiyo kazi yako, chukua ndefu. Ule urefu unaweka uso na mikono mbali na cheche, na mkono hauchoki upesi. Kabla ya kulipa, bonyeza wenzo wa oksijeni mara kadhaa: ushuke laini na urudi wenyewe. Zungusha koki zote, isiwepo inayocheza. Uliza pia kama nozeli zake zinapatikana unakoishi, maana tochi isiyo na nozeli za akiba ni pambo.

Tena, nunua vizuia moto (vya kuzuia moto usirudi hadi mtungini) vinavyofungwa kwenye reguleta, yaani kifaa cha kushusha presha ya mtungi, kimoja kila upande, na vali za kuzuia gesi isirudi nyuma zinazofungwa kwenye mpini. Hizi ni sehemu ya tochi. Asiye na hela ya kuvinunua asubiri.

Nozeli

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mkato unapoharibika. Nozeli huchaguliwa kwa unene wa bamba. Kwa asetilini, tundu la inchi 1/32 linatosha bamba la mm 3 hadi 6. 3/64 linafaa mm 5 hadi 12. 1/16 linaanzia mm 10 na kwenda mbali. Oksijeni iwe kama bar 1.5 hadi 2 kwa nozeli ndogo, na bar 2.5 hadi 3.5 ukifika bamba la mm 25. Asetilini bar 0.2 hadi 0.3 tu. Kila mtengenezaji ana jedwali lake, na jedwali hilo ndilo la kufuata likitofautiana na langu.

Nilipokuwa najifunza nilipata mkato wenye meno, nikaongeza oksijeni. Ukawa mbaya zaidi, nikaongeza tena. Mwalimu wangu alikuja, akashusha presha, akazima, akafungua nozeli na kunionyesha tundu la katikati: chembe ya mavi ilikuwa imeng'ang'ania ukingoni. Alipitisha sindano ya kusafishia mara mbili, moja kwa moja bila kuizungusha, tukawasha, na mkato ukanyooka. Oksijeni ikitoka imepinda, kuiongezea nguvu ni kuipinda zaidi. Tangu siku hiyo naanza na nozeli kabla ya kugusa reguleta. Na tumia sindano za saizi yake. Waya au msumari unapanua tundu, na nozeli hiyo haitakata sawasawa tena.

Kufunga na kuwasha

1. Simamisha mitungi na uifunge kwa mnyororo. Mikono, spana na nguo zisiwe na mafuta wala grisi. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha huwaka yenyewe kwa kishindo. Nyuzi za skrubu kwenye maungio ya oksijeni hazipakwi kitu chochote.

2. Fungua vali ya oksijeni kidogo na kuifunga mara moja ili vumbi litoke, mdomo ukielekea kusiko na mtu wala moto. Asetilini ifanyie hivyo nje tu, penye hewa.

3. Funga reguleta. Nati za oksijeni hukazwa kwenda kulia, za gesi kwenda kushoto na huwa na mikato pembeni. Ikigoma, usiilazimishe, umeshika isiyo yake.

4. Legeza skrubu ya reguleta kabisa, kisha simama pembeni, si mbele ya geji, na ufungue mtungi polepole. Oksijeni fungua hadi mwisho. Asetilini isizidi mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu, na kama ni ya ufunguo, uache palepale ili uweze kufunga haraka.

5. Weka presha. Asetilini isivuke bar 1 upande wa mpira, yaani psi 15. Juu ya hapo inaweza kulipuka yenyewe, hata bila hewa na bila cheche.

6. Pitisha gesi kwenye kila mpira kwa sekunde chache, mmoja baada ya mwingine, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likiota, kaza au badilisha.

7. Vaa miwani ya giza ya kukatia, kiwango cha giza namba 3 au 4 kwa bamba la hadi mm 25, namba 5 kwa nene zaidi, glovu za ngozi na nguo za pamba. Suruali isiwe na pindo la chini, cheche hujificha humo.

8. Fungua gesi kidogo, washa kwa kiwashio cha jiwe la cheche. Kiberiti na laita ya mfukoni vikae mbali. Ongeza gesi mpaka moshi mweusi uishe, kisha leta oksijeni taratibu. Utaona ndimi ndefu zenye manyoya zikijivuta hadi kubaki ncha fupi, kali, za buluu nyeupe. Bonyeza wenzo: ncha zikibadilika, zirekebishe wenzo ukiwa umebonyezwa, kwa sababu hivyo ndivyo zitakavyokuwa wakati wa kukata.

Kukata

Piga mstari wa chaki, safisha kutu nene na rangi. Kaa mkao ambao mkono unaweza kusafiri mstari wote bila kujinyoosha. Pitisha tochi ikiwa imezimwa mara moja kujipima. Anzia ukingoni. Ncha za moto ziwe kama mm 3 juu ya bamba, zisiliguse. Ukingo ukiwa mwekundu wa kung'aa, bonyeza wenzo polepole, subiri mavi yatokee chini, ndipo uanze kusogea.

Mwendo utausikia. Mkato mzuri una sauti moja ya kuchanika, kama kitambaa kinachochanwa bila kusita. Cheche zishuke chini moja kwa moja au zibaki nyuma kidogo. Zikirudi juu kukufuata, mkato haujatoboa: umekimbia. Simama, pasha upya pale ulipopoteza. Ukienda polepole mno, ukingo wa juu unakuwa duara na mavi yanagandamana chini. Baadaye geuza kipande usome mistari ya ubavuni: iliyosimama karibu wima inasema mwendo ulikuwa sawa, iliyolala sana nyuma inasema ulikuwa na haraka.

Kutoboa katikati ya bamba: pasha hadi wekundu, inua tochi kidogo na uilaze, bonyeza wenzo taratibu ili mavi yarukie upande usio na mtu, kisha irudishe wima tundu likifunguka. Usikate juu ya sakafu ya zege. Unyevu ndani yake hugeuka mvuke na vipande huruka.

Ukimaliza, funga gesi kwenye tochi, kisha oksijeni. Funga mitungi, toa presha iliyobaki kwenye mipira, legeza skrubu za reguleta.

Maswali ya wanachama

*Habari fundi. Tochi yangu inapiga "pa!" na kuzima kila baada ya dakika chache. Nifanyeje?*

Salama kaka. Mara nyingi nozeli imegusa bamba, imelegea, imepata moto kupita kiasi, au presha iko chini ya inavyotaka. Zima, iache ipoe, isafishe, ikaze, angalia presha. Kishindo kimoja si balaa. Sauti ya kuogopa ni ya filimbi au mluzi unaoendelea ndani ya mpini: moto umeingia ndani. Funga oksijeni ya tochi hapohapo, kisha gesi, halafu mitungi. Usiwashe tena mpaka ujue sababu, na kagua mipira na vizuia moto vyote.

*Shikamoo fundi. Mtungi wa asetilini umeletwa umelazwa kwenye gari. Naweza kuutumia leo?*

Marahaba dada. Usiutumie sasa hivi. Ndani ya mtungi huo kuna kitu kama sponji kilicholoweshwa asetoni, na asetilini imeyeyuka humo; ndiyo inayoifanya itulie. Ukilazwa, asetoni inasogea kwenye vali na itatoka na gesi, ikichafua reguleta na kuuacha mtungi bila kinga yake. Usimamishe saa kadhaa. Mimi huuacha usiku mzima. Asetoni hutoka vilevile ukivuta gesi haraka mno kwa nozeli kubwa ya kupashia. Kanuni ya zamani ni kutozidi moja ya saba ya gesi iliyomo kwa saa.

*Mkuu, chuma kilichopakwa zinki kinakatika?*

Kinakatika, lakini zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo wewe utakuwa unavuta moshi wake mweupe. Jioni utapata homa, baridi na maumivu ya mwili kama mwenye malaria. Kwangua au saga zinki sentimita kadhaa kila upande wa mstari, fanyia kazi nje, upepo ukiwa nyuma yako, na vaa barakoa ya moshi wa metali. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Nazo ziondoe kwanza.

*Kuna ubaya gani kupuliza vumbi nguoni kwa oksijeni? Wote hapa kazini tunafanya.*

Acheni leo, ndugu yangu. Oksijeni inajaa kwenye nyuzi za nguo na kubaki humo kwa dakika nyingi. Cheche moja, na shati linaloungua taratibu siku zote litawaka lote kwa mara moja. Oksijeni haina rangi wala harufu, huwezi kujua bado imo.

*Nina pipa la mafuta, tupu miaka mingi. Nataka kulikata nusu kwa tochi. Nikilifungua kifuniko si inatosha?*

Haitoshi. Mafuta yaliyonywea kwenye mishono na kutu yanageuka mvuke moto ukikaribia, na mvuke huo ukichanganyika na hewa iliyo ndani unalipuka. Pipa "tupu" ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa halina nafasi ya hewa. Kunusa hakusaidii, na kusuuza kwa maji ya bomba hakuondoi kilichonywea. Likate kwa patasi na nyundo ya mkono, likiwa limejazwa maji karibu hadi kwenye mstari wa kukata, au tafuta pipa ambalo halikuwahi kuwekwa mafuta wala kemikali. Tochi usiitumie hapo.