Somo: Nyumba imepoa na themostati inakutazama tu. Anza hapa kabla hujamwita fundi

Poleni na baridi, ndugu zangu. Kila theluji ya kwanza ikianguka napigiwa simu ileile: "Kaka, themostati imekufa, watoto wanatetemeka." Nikifika, mara nyingi nakuta themostati ni nzima kabisa na mkosaji yuko kwingine. Kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja. Somo hili ni la sisi tulioko Marekani, tunaokaa kwenye nyumba zenye fanasi, yaani ule mtambo wa chumba cha chini ya nyumba au wa stoo unaopasha hewa na kuisukuma vyumbani kupitia dakti, yale mabomba mapana ya hewa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mitambo hii ndiyo inayonilisha huku Ohio.

Tuelewane kwanza. Themostati si jiko, ni swichi inayohisi joto. Chumba kikishuka chini ya namba uliyoweka, inaunganisha nyaya mbili, na fanasi inajua imeitwa. Namba ikifika, inaziachanisha. Basi, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana kuipandisha hadi 85 ili nyumba iwahi kupata moto ni kama dereva wa daladala kupiga honi kwenye foleni: kelele nyingi, gari liko palepale. Fanasi nyingi zina moto wa kiwango kimoja tu, uwake kwa 68 au kwa 85.

Namba zenyewe ni za Fahrenheit. 68 ni sawa na 20 za kwetu, 72 ni kama 22. Siku niliyofika mwenyeji wangu aliniambia ameweka 70. Nikaanza kuvua sweta nikijua tutaiva.

Hatua ya 1: Soma kioo

Kioo hakina kitu? Fungua kifuniko uone kama kuna betri. Nyingi hutumia mbili za AA au AAA. Badilisha zote kwa pamoja, na ziwe mpya, si zile ulizozitoa kwenye rimoti ya TV. Kama haina betri, basi inapata umeme kutoka kwenye fanasi, na kioo kilichozimika maana yake ni kwamba tatizo liko kwenye fanasi. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 2.

Kioo kinawaka? Hakikisha imeandikwa HEAT, si COOL wala OFF. Usicheke, nimeshalipwa kwa kusogeza kile kiswichi. Kisha tazama feni: iwe AUTO. Ikiwa ON, feni inazunguka hata moto ukiwa umezimwa, na mtu anasema "inatoa baridi".

Halafu kuna ratiba. Nyumba za kupanga nyingi zina themostati ambayo bado inamtii mpangaji aliyehama. Yeye alikuwa akilala saa nne usiku na kushusha hadi 60, nawe kila usiku unaamka saa nane umejikunyata. Weka namba yako kisha bonyeza HOLD, ili ratiba isiibadilishe. Baada ya hapo subiri dakika tano kamili bila kugusa kitu. Baadhi ya mitambo hujichelewesha makusudi ili isiharibike kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka, na ukibonyezabonyeza unaweza kuirudisha mwanzo.

Hatua ya 2: Shuka kwenye fanasi

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Karibu na fanasi, au juu ya ngazi za kushukia chini, kuna swichi inayofanana na ya taa. Mtoto au mtu aliyekwenda kufua huizima akidhani ni taa. Iwashe. Nenda kwenye boksi la umeme, tafuta breka ya fanasi, ile swichi inayojikata umeme ukizidi. Kama imekata, izime kabisa kwanza ndipo uiwashe. Ikikata tena, acha.

Mlango wa fanasi nao una ujanja wake. Nyuma yake kuna kitufe cha usalama. Mlango usipokaa sawasawa, fanasi yote inazimika na themostati isiyo na betri inazimika nayo. Usukume kwa mkono hadi uingie.

Sasa filta, yaani chujio la vumbi la hewa inayoingia kwenye fanasi. Itoe uielekeze kwenye taa. Kama huoni mwanga upande wa pili, umempata mkosaji. Hewa ikikosa njia, fanasi inapata joto kupita kiasi ndani, kinga yake inakata moto, na feni inaendelea kupuliza ili ipoe. Wewe juu unaona hewa baridi na unailaumu themostati. Filta ya unene wa inchi moja ibadilishwe kila mwezi mmoja hadi mitatu. Nyumba yenye watu wengi, ubani na mapishi ya kukaanga, fanya mmoja. Ukubwa umeandikwa ubavuni, kwa mfano 16x25x1, na mshale uelekee fanasi.

Ukiwa bado na buti, toka nje. Kama fanasi yako ni ya gesi na ina mabomba meupe ya plastiki yanayotokea ukutani, ondoa theluji kwenye midomo yake. Yakiziba, inajizima.

Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Toeni watoto, mkiwa nje ndipo mpige 911. Kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotokana na moto usioungua vizuri, haina harufu kabisa, kwa hiyo king'ora chake kikilia fanyeni vilevile, na msirudi ndani kwa kuwa kimenyamaza.

Hatua ya 3: Fungua uso wa themostati

Zima breka ya fanasi kwanza. Vuta uso wa themostati taratibu. Nyingi zimebanwa tu. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Ukikuta nyaya nene zilizofungwa kwa vikofia vya kuzungusha, rudisha uso mahali pake na umwite fundi: hiyo ni ya umeme mkubwa, volti 120 au 240, ya hita za ukutani, na inaua.

Ya kawaida ni volti 24 na nyaya nyembamba zenye herufi. R inaleta umeme, W inaita joto, Y inaita baridi, G ni ya feni, C inakamilisha njia ya umeme kurudi. Amini herufi, usiamini rangi. Mafundi waliotutangulia walitumia waya wowote uliokuwa mkononi. Kaza skrubu zilizolegea. Waya ukiwa umechomoka, urudishe kwenye herufi yake.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Breka ikiwa imezimwa, unganisha R na W kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa breka. Fanasi ikiwaka, themostati ndiyo mbaya, kanunue nyingine. Isipowaka, themostati haina kosa, usitupe pesa. Ukishapata jibu, zima tena na utoe hicho kipande. Ukikiacha, hakuna wa kuiambia fanasi inatosha.

Isipowaka, ndani ya fanasi kwenye ubao wa umeme kuna fyuzi ndogo ya mtindo wa gari, ya ampea 3 au 5. Izime fanasi, uitoe, tazama kama imekatika. Weka ya ampea zilezile. Ya pili nayo ikiungua, kuna nyaya zinagusana mahali. Hapo mwachie fundi.

Hatua ya 4: Inafanya kazi lakini inadanganya

Inasema 72 na wewe umevaa koti. Bandika kipimajoto kingine kando yake kwa robo saa ulinganishe. Kama zinatofautiana, tazama kuna nini karibu: taa, TV, jua la dirishani. Tazama pia tundu nyuma yake ambamo nyaya zinapita. Hewa ya ndani ya ukuta huvuja hapo na kuidanganya. Lizibe. Zile za zamani za duara zina zebaki ndani, na zikiinama kidogo tu zinasoma vibaya. Ukibadilisha, usiitupe kwenye takataka za kawaida, zebaki ni sumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto wanne, Grand Rapids: Kaka fundi, themostati yetu mwenye nyumba ameifungia kwenye kisanduku cha plastiki chenye kufuli. Tunawasha oveni na kuacha mlango wazi.

Jibu: Dada yangu, zima hiyo oveni leo, hasa kama ni ya gesi. Inaweza kuwajazia kaboni monoksaidi mkiwa usingizini. Usivunje kufuli. Weka kipimajoto, piga picha zenye saa na tarehe, umwandikie mwenye nyumba kwa ujumbe, si kwa mdomo. Sheria hutofautiana kila mji. New York kwa mfano, kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, mchana nje kukiwa chini ya 55 ndani lazima iwe angalau 68, na usiku angalau 62. Piga simu ofisi ya ukaguzi wa nyumba ya mji wako uulize ya kwenu.

Mwana wa Bukavu, Louisville: Aksanti fundi kwa somo. Kwetu hewa inatoka ya uvuguvugu tu, na ile mashini ya nje inatoa moshi. Rafiki alisema niweke EM HEAT.

Jibu: Hiyo si fanasi, ndugu, ni pampu ya joto, mtambo unaovuta joto la nje na kulileta ndani. Hewa yake mara nyingi haifiki joto la mwili wako, kwa hiyo mkono unaiona baridi ilhali nyumba inapanda. Moshi ule ni mvuke tu, inayeyusha barafu iliyojishika. Ukikata ndani ya dakika chache hakuna neno. EM HEAT iondoe. Inazima pampu na kutumia hita za umeme peke yake, bili yako inaweza kuwa mara mbili au zaidi. Ni ya siku pampu imeharibika.

Kijana wa Columbus: Nimenunua themostati ya wai-fai, siku mbili inazimika.

Jibu: Una waya wa C? Bila huo inajichaji kwa kuiba umeme kidogo kidogo. Chungulia ukutani, mara nyingi kuna waya wa ziada umekunjwa nyuma. Breka ikiwa imezimwa, uunge kwenye C pande zote mbili, hapo na kwenye fanasi.

Mzee wa Omaha: Mwanangu, moto unawaka sekunde chache kisha unazima. Mara tatu, halafu kimya.

Jibu: Shikamoo mzee. Hapo themostati imeita na imeitikiwa. Kuna kijiti chembamba cha chuma kinachosimama ndani ya moto kuthibitisha umewaka. Kikipata masizi hakiuoni, na fanasi inafunga gesi kwa usalama. Kinasuguliwa taratibu kwa stilwaya laini, gesi na umeme vikiwa vimefungwa. Usiiname wewe, mwite kijana anayejua kazi.

Dada wa Mombasa: Huku joto tunalo la kugawa! AC ya ukutani haipoozi, themostati yake iko wapi?

Jibu: Iko ndani ya AC yenyewe, rimoti inatuma amri tu. Fungua kifuniko, osha vile vyavu kwa maji, vikauke. Kisha tazama rimoti: alama ya feni au ya tone la maji siyo ya kupooza, tafuta ya theluji.

Dada wa Mombasa: Ilikuwa kwenye feni. Tangu Jumanne tunamlaumu fundi.