Jinsi ya kugeuza kitabu cha katuni cha dunia iliyoharibika kiwe tamthilia ya tivii, tujifunze kwa treni ya Snowpiercer

Wengi wenye kitabu cha katuni mkononi na ndoto ya kukiona kwenye tivii wanaanza hivi: wanafungua ukurasa wa kwanza, wanaandika kinachoonekana kwenye kila kiboksi, wanahamia ukurasa wa pili, wakifika mwisho wana skripti ya lisaa limoja na nusu na stori imeisha. Hapo umepata muvi, na pengine muvi nzuri tu. Ila tamthilia inataka uwe na masaa saba au nane kwa sizoni moja na bado mtu atake kurudi wiki ijayo, sasa hayo masaa mengine unayatoa wapi?

Mfano naoupenda kufundishia ni Snowpiercer kwa sababu treni ile ile imeendeshwa mara tatu kwa njia tatu, unaweza kuziweka pembeni kwa pembeni ukaona. Ilianza Ufaransa mwaka 1982 ikiitwa Le Transperceneige, mwandishi Jacques Lob, mchoraji Jean-Marc Rochette, nyeusi na nyeupe, ikitoka vipande vipande kwenye jarida halafu ikawa kitabu 1984. Dunia imeganda, watu waliobaki wako kwenye treni moja ya mabehewa 1001 ambayo haisimami, mbele wanakaa wakubwa na nyuma kabisa mkiani wamerundikana walioingia bila tiketi. Mwaka 2013 Bong Joon-ho, dairekta wa Korea Kusini, akaitoa kama muvi ya dakika 126. Mwaka 2020 ikaingia kwenye tivii Marekani, ikaenda sizoni nne, kila moja epizodi kumi, ikamaliza 2024.

Hatua ya kwanza, soma kitabu chako mara ya pili ukiwa na kalamu na uandike sheria ya ile dunia kwa sentensi moja. Siyo stori, sheria. Kwa Snowpiercer ni hii: treni ikisimama wote wanakufa, kwa hiyo anayeshika injini anashika watu. Hiyo sentensi ipo kwenye kitabu, ipo kwenye muvi, ipo kwenye tamthilia, haijaguswa. Vingine karibu vyote vimebadilishwa, hata steringi. Kwenye kitabu anaitwa Proloff, kwenye muvi Curtis, kwenye tivii Andre Layton, na hawafanani kazi wala tabia. Kwahiyo ukishaipata sheria yako usiogope kubadilisha jina la mtu au kumtoa kabisa, ila ukiigusa sheria jua umeandika kitu kingine.

Hatua ya pili ndo nataka tukae sana, maana hapa ndo wengi wanaanguka. Jiulize steringi wako ana sababu gani ya kutembea ndani ya ile dunia. Proloff katoroka mkiani akakamatwa, yeye na Adeline, mwanamke anayewatetea watu wa mkiani, wanapelekwa mbele chini ya ulinzi, behewa baada ya behewa, na sisi tunaona tunapopita. Curtis yeye anaongoza uasi, anavunja mlango, anapigana, mlango mwingine. Zote ni safari za kwenda mbele tu na ukifika kwenye injini hamna pa kwenda tena. Kwa muvi hiyo ni sawa kabisa, mtu amekaa kwenye kiti anataka afike. Sasa jaribu kuipeleka kwa epizodi kumi uone, utaanza kurefusha kila behewa, mapigano yanakuwa marefu bila sababu na mtazamaji anachoka kwenye epizodi ya tatu.

Walichofanya kwenye tivii ni kwamba Layton kabla dunia haijaganda alikuwa mpelelezi wa kesi za mauaji. Kuna mtu kauliwa huko mbele, wakubwa hawana mwingine mwenye ujuzi huo, wanalazimika kumtoa mkiani. Angalia kilichotokea hapo, mpelelezi ana ruhusa ya kugonga mlango wa daraja la kwanza asubuhi na wa daraja la tatu jioni, anahoji tajiri, anahoji mpishi, anarudi kule alikotoka, halafu kichwani anakusanya habari za ulinzi na milango kwa ajili ya wenzake wanaopanga uasi. Anawafanyia kazi wakubwa huku anataka kuwaangusha. Hiyo inaweza kwenda epizodi hata kumi kwa sababu mtu anaenda na KURUDI, na kila akirudi kuna anayemuuliza umekuwa wa nani sasa.

Kwahiyo kwa kitabu chako tafuta kazi yenye kwenda na kurudi. Kama dunia yako ni mji uliozungushiwa ukuta, basi fikiria muuguzi wa zamu za nyumbani, fundi maji, mkusanya kodi, dereva wa gari la maiti, yeyote ambaye anafunguliwa mlango na maskini na tajiri siku moja. Halafu mpe nia ya pili inayogongana na kazi yake. Usiandike hata sini moja kabla hujapata hilo, mi nakuomba kabisa, nimeona watu wakiandika epizodi tano ndo wanagundua steringi wao hana pa kwenda.

Baada ya hapo jaza watu. Kitabu kinaweza kuishi na watu wawili watatu na nyuso nyingi za pembeni zisizo na majina, tivii inakula watu. Melanie Cavill, mama wa huduma za abiria ambaye sauti yake inasikika kwenye spika za treni nzima kila siku, kwenye kitabu hayupo, kabuniwa. Na mwisho wa epizodi ya kwanza tunajua kwamba bwana Wilford ambaye wote wanamtii hayupo kwenye treni, ni yeye Melanie anaiendesha. Hiyo siri inakuwa mzigo wa sizoni nzima, maana sasa kila mtu akimtaja Wilford wewe mtazamaji unajua kitu ambacho wao hawajui.

Tafuta pia mahali pa kukutania. Dunia ya matabaka ina shida moja ya kiufundi, watu wako hawaonani, na wasipoonana hamna maongezi. Waliopanda treni ya reli ya kati wanalijua behewa la chakula, hapo ndo aliyetoka daraja la tatu anakaa meza moja na wa daraja la pili. Snowpiercer wana behewa la burudani la usiku, la Miss Audrey, watu wa madaraja tofauti wanakuja hapo. Seti moja tu hiyo inakupa mapenzi, biashara ya magendo na vikao vya siri, na kwa bajeti ni nafuu kuliko kujenga seti mpya kila wiki.

Picha zilizonyamaza nazo zinataka kazi. Kwenye katuni ukurasa wa theluji tupu unausoma kwa muda unaotaka wewe, kwenye tivii dairekta ndo anashika saa. Usijaribu kueleza kila kimya kwa maneno. Wao kila epizodi inafunguliwa na sauti ya mtu tofauti akieleza treni anavyoiona yeye, anamalizia kwa kutaja jina la treni na idadi ya mabehewa, na treni ikibadilika huko mbele hata namba inabadilika. Ni njia rahisi ya kumkumbusha mtazamaji sheria bila kumfundisha kama darasani.

Haki za kutumia kitabu nitazipitia haraka. Usipige picha hata moja kabla hujawa na karatasi iliyosainiwa na mwenye haki, na angalia kama haki za tivii na za muvi zimetenganishwa, na kama kitabu kina waandishi wawili hakikisha wote wamo.

Halafu mkubaliane mapema ni tamthilia ya aina gani, wewe, prodyusa na dairekta. Epizodi ya kwanza ya Snowpiercer ilipigwa chini ya dairekta mmoja, baadaye mkuu wa waandishi akabadilishwa, sehemu kubwa ikapigwa upya na dairekta mwingine, na ikachukua miaka mpaka watu waione. Pesa za kurudia hivyo wengi wetu hatuna.

La mwisho ni mwisho wa sizoni. Sizoni ya kwanza ilifunga swali lake, uasi umetokea na ukweli kuhusu Wilford umejulikana, ndipo treni ya pili ikatokea kwenye reli na Wilford mwenyewe yumo. Jibu moja, swali moja jipya, kwa mpangilio huo. Na sizoni yao ya nne ilikuwa imeshapigwa tayari, kituo kikakataa kuionyesha, ikabidi ihamie kituo kingine ndo ikatoka 2024. Kwahiyo ukiandika dakika kumi za mwisho, andika kama vile inawezekana hamtarudi tena, kisha ile treni ya pili iweke kwenye dakika mbili za mwisho ambazo unaweza kuzikata bila kuharibu zile nane.