Kabla Hujaenda Lengai Kuokota Mawe

Kila kiangazi magari ya wanafunzi wa jiolojia hupita Mto wa Mbu, yakakunja kuelekea Selela na Engaruka, yakashusha vijana kijiji cha Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Wengi wana nyundo mpya na hawana maji ya kutosha. Nimefuatana na misafara hiyo nikiwa msaidizi wa uwandani kwa muda mrefu, na haya ni mambo ambayo mtu anapaswa kuyajua kabla gari halijawashwa.

Vibali kwanza. Anayekwenda kufanya utafiti awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, mkononi. Anayetaka kutoa sampuli nje ya nchi atafute kibali cha madini mapema, hata kama jiwe lake halina bei sokoni. Uwanja wa ndege si mahali pa kueleza kwamba hili ni jiwe tu. Njiani kuna malango ya ushuru, kwa hiyo beba fedha taslimu na udai stakabadhi.

Maji, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, tochi ya kichwani na betri za akiba. Bonde lile ni la moto, ndiyo maana watu huanza kupanda saa sita usiku ili wafike juu alfajiri. Mlima unakaribia mita 3,000 na mteremko wake ni mkali hadi juu kabisa. Kuteremka ndiko kunakoua magoti. Chukua mwongozo wa pale pale kijijini, na akisema leo hapandiki, hapandiki.

Nyundo iwe ya jiolojia, si ya seremala, maana chuma chake kimekazwa kwa kazi hiyo. Usigonge nyundo kwa nyundo: kipande kinachobanduka hakichagui jicho. Miwani ya kinga vaa wewe, na anayesimama karibu nawe avae pia.

Vya kutambulia madini havina gharama: kucha yako, kisu, kipande cha kigae kisichong'arishwa na chupa ndogo ya asidi hafifu ya haidrokloriki. Usianze na rangi, rangi inadanganya. Kwatzi huweza kuwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau au ya moshi, na bado ikawa kwatzi ile ile. Anza na ugumu. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu kutoka 1 hadi 10, kucha ni kama 2.5, kisu ni kama 5.5, kwatzi ni 7. Kisu kikiteleza bila kuacha mkwaruzo, kalsaiti, madini ya chokaa, umeshaiondoa kwenye hesabu, kwani yenyewe ni 3. Pairiti inang'aa kama dhahabu, lakini isugue juu ya kigae: mchirizi wake ni mweusi wenye ukijani, wa dhahabu ni wa njano. Asidi, inayoitoa kalsaiti povu, iwe ya mwisho, na chupa isikae mfuko mmoja na biskuti.

Sasa vyombo vya kuwekea sampuli. Hapa naomba usikilize, maana kila orodha ya safari niliyowahi kuiona inaandika “mifuko” na kupita.

Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya natrokabonatiti. Lava za kawaida, kama basalti, zimejaa silika, kile kile kinachojenga kwatzi, na hutoka zikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi. Hii ya Lengai karibu haina silika. Ni kabonati za sodiamu, kalsiamu na potasiamu, na hutoka kwa nyuzi 500 hadi 600 tu. Ni nyepesi, inatiririka kama oili ya injini, na mchana inaonekana nyeusi au kahawia, wala hutajua kwamba inachoma. Madini yake makuu ni mawili: nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriiti, ya yule mwanajiolojia J. W. Gregory aliyeandika juu ya Bonde la Ufa. Yote mawili hayapatani na maji.

Kabla ya mlipuko wa 2007 kasoko ya kaskazini, yaani shimo la mdomo wa volkano, ilikuwa imejaa lava hadi ukingoni, na watu walikuwa wakitembea juu yake. Siku hizo kulikuwa na kijana mmoja mwenye bidii kuliko wenzake wote. Alifika juu wa kwanza, akakuta ulimi wa lava uliopoa usiku ule, mweusi, mzuri ajabu, unalia kama vigae ukiukanyaga. Akabandua vipande, akaandika vyema kwenye daftari, akavitia kwenye mifuko ya kitambaa, ile ile ambayo wenzake walitumia kwa basalti na majivu. Juu kulikuwa na ukungu. Begi lililowa kidogo, na hakuna aliyelijali.

Jioni kambini alifungua mfuko mmoja kuwaonyesha wenzake, kingo zikawa zimeshaingia kijivu. Alidhani ni vumbi, akapuliza. Tulipofika Arusha siku zilizofuata vipande vilikuwa vyeupe nje, na vingine vinavunjika kwa vidole. Matokeo ya maabara yalimmaliza: nyerereiti ilikuwa chache mno, na badala yake kulikuwa na chumvi zilizozaliwa baada ya kunywa maji, pamoja na magadi. Yaani alikuwa amepima hewa ya Arusha na ukungu wa mlimani, si kile kilichotoka ardhini. Mada yake yote ilisimama juu ya vipande vile. Alibadilisha mada, akamaliza kwa kuandika kuhusu jinsi lava hiyo inavyoharibika, na kusema kweli ilikuwa kazi nzuri, ila alichelewa mwaka.

Kwa hiyo: mitungi yenye kifuniko cha kukaza, ikauke kabisa kabla ya safari, na ndani yake vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Funga pale pale ulipobandua, si kambini. Usiioshe sampuli kwa maji hata ikiwa na matope. Na usiifungue kuwaonyesha watu. Piga picha.

Kama lengo lako ni kupima umri wa miamba, kuna jingine. Kipimo cha potasiamu na agoni hufanya kazi kwa sababu sehemu ya potasiamu ya mwamba hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni; mwamba ukiyeyuka agoni yake hutoroka, ukiganda saa inaanza upya. Hivyo ndivyo majivu ya volkano ya Olduvai yalivyopimwa na kupewa miaka milioni 1.75 hivi mwaka 1961, yakalipa umri fuvu la jamaa wa kale wa binadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959. Jiwe lililochakaa kwa mvua limeshapoteza agoni, na litakuambia ni changa kuliko lilivyo. Vunja uchukue moyo wake. Majivu yaliyosombwa na maji yana hila ya upande wa pili, maana yamebeba chembe za milipuko ya zamani. Nyayo za watu za Engare Sero, zaidi ya 400, zimo kwenye tope la namna hiyo, ndiyo maana umri wake umeandikwa kwa mapana: kati ya miaka 5,760 na 19,100. Ukizitembelea, usizikanyage, vua viatu ukiambiwa uvue.

Jina la sampuli liandikwe kwa maka peni juu ya mtungi na kwenye karatasi nyingine, na kwenye daftari pia, pamoja na vipimo vya jipiesi. Jiwe lisilojulikana lilikotoka litabaki kushikilia mlango wa ofisi.

Hewa nayo. Wenzetu wa Goma, Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo, wanaita mazuku ile mifuko ya kaboni dayoksaidi inayotuama mabondeni. Ni nzito kuliko hewa, haionekani, na inaua mbuzi na mtoto kabla ya mtu mzima aliyesimama. Popote penye volkano, ukikuta ndege au wanyama wamekufa shimoni usishuke kutazama. Ukingo wa kasoko usikaribie hata kidogo: umetundikwa juu ya shimo, na chini yake huenda hakuna kitu.

Uliza habari za mlima kabla ya kuondoka, na tena ukifika. Julai 2007 matetemeko yalisikika hadi Nairobi, Septemba mlima ukalipuka. Makorongo ya njiani yanaweza kuwa makavu asubuhi na kubeba gari jioni kwa mvua iliyonyesha mbali. Jaza mafuta Mto wa Mbu, chukua tairi mbili za akiba. Simu hukatika, kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani siku ya kurudi na namba ya dereva.