Somo: Kufunga faili kwa nywila kabla ya kuzituma (7-Zip, Windows)

Juzi nilikwenda steshenari kuprinti barua. Kwenye deskitopu ya kompyuta yao nikakuta pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya watu nisiowajua, vyote wazi kabisa. Kila mwenye chake alikuja na flashi, akatuma, akajiendea zake. Leo tujifunze kufunga mizigo yetu.

Tunatumia 7-Zip, programu ya bure ya kubana na kufunga faili, ya Igor Pavlov, iliyoanza mwaka 1999. Ipakue 7-zip.org tu. Tovuti zenye majina yanayofanana nayo ziogopeni.

Hatua ya 1. Kusanya faili zako kwenye folda moja, uipe jina lisilosema kitu. "kazi3" inatosha.

Hatua ya 2. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia 7-Zip, chagua "Add to archive". Kwenye Windows 11 huenda ukahitaji kubofya kwanza "Show more options".

Hatua ya 3. Penye "Archive format" weka 7z. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaweka zip kwa kuwa wameizoea. Ukichagua zip, 7-Zip yenyewe hukuwekea ZipCrypto, mbinu ya zamani ya kufunga faili ambayo Eli Biham na Paul Kocher walionyesha tangu 1994 namna ya kuivunja, ilimradi mvunjaji anajua kipande kidogo cha kilichomo ndani. 7z hutumia AES-256, mbinu imara zaidi ya kufunga, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 4. Andika nywila mara mbili. Tarehe ya kuzaliwa hapana, jina la mtoto hapana. Methali na maneno ya kanga pia hapana, maana yako midomoni mwa kila mtu. Mimi hufumba macho, nafungua kamusi popote na kuweka kidole, mara sita. Yanatoka mambo kama "ndimu reli sufuria mbuni kasha tisa". Hiyo msiitumie, nimeshaianika.

Hatua ya 5. Weka tiki kwenye "Encrypt file names". Usipoiweka, yaliyomo hayasomeki lakini majina ya faili yanasomeka, na "majibu_ya_vipimo.pdf" limeshasema yote.

Hatua ya 6. Bofya OK, kisha bofya faili mpya mara mbili. Ikidai nywila kabla ya kukuonyesha chochote, itume.

Hatua ya 7. Nywila ipite njia nyingine. Faili ikienda kwa barua pepe, nywila itaje kwa simu. Kuna mtu aliwahi kunitumia faili iliyofungwa vizuri mno, na nywila yake ikiwa kwenye kichwa cha barua ileile!

MASWALI

Swali: Mwalimu, WhatsApp si tayari inasimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke na wengine? Kwa nini nijisumbue?

Jibu: Kweli, inasimba, lakini ulinzi huo ni wa njiani. Faili ikishafika inakaa wazi kwenye simu ya mpokeaji, na kila anayeishika simu hiyo anaifungua. Ya 7z hubaki imefungwa hata huko.

Swali: Nimesahau nywila niliyoweka mwezi uliopita. Inarudishwaje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, hairudishwi. Hakuna ofisi ya kupiga simu. Kama faili asili bado unazo, zifunge upya. 7-Zip haikufutia zile za mwanzo.

Swali: Sina kompyuta, naweza kufanyia steshenari?

Jibu: Usifunge hapo. Nywila utakayoandika kwenye kompyuta ya watu huenda ikanaswa na programu iliyojificha, na faili utakayofuta huweza kufufuliwa. Kwenye Android kuna ZArchiver: inatengeneza 7z yenye nywila na kuifungua pia. Fungia humo, utume humohumo kwenye simu.