Koha na kompyuta za wasomaji: namna ya kuzitunza maktabani

Maelekezo haya yanamhusu mkutubi anayeendesha Koha kwenye seva yenye mfumo wa uendeshaji wa Debian iliyo palepale maktabani, pamoja na kompyuta chache za Windows za wasomaji. Koha ni programu huria ya kuendesha katalogi na uazimaji wa maktaba, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Haidai ada ya leseni. Inadai mtu wa kuiangalia. Katika mifano hii kanzidata imepewa jina `maktaba`.

Nakala za akiba

Koha iliyosakinishwa kwa vifurushi vya Debian hujitengenezea nakala kila siku ndani ya `/var/spool/koha/maktaba`. Faili linaloishia na `.sql.gz` lina vitabu, wanachama na uazimaji wote. Lile la `.tar.gz` lina mipangilio. Wengi wakiziona faili hizo huridhika mapema mno. Ziko kwenye diski ileile ya kanzidata, kwa hiyo diski ikifa zinakufa pamoja. Tena mpangilio wa awali hutunza za siku mbili tu: mtu akifuta rekodi kwa bahati mbaya Ijumaa na kosa likaonekana Jumanne, nakala nzuri zimeshaondoka.

Fungua `/etc/cron.daily/koha-common`, badilisha `--days 2` iwe `--days 14`, na uikague namba hiyo kila baada ya kusasisha Koha. Kisha nunua diski mbili za nje zipokezane kila wiki, moja ikikaa nje ya jengo. Zifunge kwa nywila, maana zimebeba majina na simu za watu, na Tanzania (sheria ya 2022) na Kenya (ya 2019) zote zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haiaminiki. Kila miezi mitatu chukua kompyuta ya pembeni yenye Koha ya toleo lilelile, isiyo na kanzidata ya jina hilo, uendeshe `sudo koha-restore` ukifuatisha faili la `.sql.gz` kisha la `.tar.gz`. Tafuta kitabu kilichoingizwa siku ya mwisho. Angalia pia ukubwa wa faili: ukipungua ghafla, mara nyingi diski imejaa, na `df -h` itakuonyesha.

Kuhusu umeme, UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika) isiyounganishwa na seva kwa waya wa USB inachelewesha tu tatizo. Unganisha waya, sakinisha programu ya kuzima seva kwa utaratibu betri inapopungua, kisha chomoa UPS ukutani siku maktaba imefungwa uone kama seva inajizima yenyewe. Betri zake huchoka baada ya miaka michache, na kwenye chumba chenye joto huchoka mapema zaidi.

Kitabu kipo, utafutaji haukioni

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Ukiskani bakodi kwenye dawati la uazimaji kitabu kinatokea. Ukiandika jina lake kwenye katalogi, hakuna kitu. Sababu ni kwamba dawati linasoma kanzidata moja kwa moja, ilhali utafutaji unapitia faharasa ya Zebra, injini ya utafutaji ya Koha, ambayo ni kitu cha pembeni. Usiingize kitabu upya, utazalisha rekodi pacha. Anza na `sudo koha-zebra --status maktaba` na `sudo koha-indexer --status maktaba`. Kilichosimama kiwashe kwa `--start`. Kisipopatikana bado, jenga faharasa upya kwa `sudo koha-rebuild-zebra -f -v maktaba`, ikiwezekana jioni wasomaji wakishaondoka.

Ukiandaa orodha ya bakodi kwenye Excel, ifanye safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Vinginevyo 00127 inakuwa 127, na lebo zilizokwisha kubandikwa vitabuni hazitalingana na kanzidata.

Kompyuta inayomfaa kila msomaji

Meza moja angalau iache nafasi ya magoti yenye kimo cha sentimita 70 na upana wa 80, bila droo wala nyaya chini, ili kiti cha magurudumu kiingie. Iweke karibu na mlango, si mwisho wa kabati.

Kwa wasioona, sakinisha NVDA, kisoma skrini cha bure. Kinawashwa kwa Ctrl+Alt+N na kuzimwa kwa Insert+Q. Amri hiyo ya kuwasha inategemea ikoni ya NVDA iliyo kwenye skrini ya mwanzo; anayesafisha skrini akiifuta, amri inakufa na msomaji asiyeona hatajua kwa nini. Sauti ya eSpeak iliyomo ina Kiswahili, ingawa ni ya kiroboti. Ikisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza ingawa umechagua sauti ya Kiswahili, huenda ukurasa umetambulishwa kuwa wa Kiingereza: zima ubadilishaji lugha wa kiotomatiki kwenye mipangilio ya sauti. Kwa uoni hafifu, kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha hukuza skrini. Kubonyeza Shift mara tano huwasha njia ya kubonyeza vitufe kimoja kimoja (Sticky Keys), inayowasaidia wanaotumia mkono mmoja. Usiizime kwa sababu tu watoto wanaichezea.

Wakutubi wengi hukwama kwenye ulinzi. Windows ikifungwa kwa hali ya kioski ya programu moja, huenda NVDA isiwake. Tumia akaunti ya kawaida isiyo na haki za usimamizi, na njia ya mkato inayofungua kivinjari cha Edge kwa `--inprivate`, yaani dirisha la faragha. Kama kuna programu inayorudisha kompyuta kwenye hali ya awali kila inapozimwa, panga NVDA kabla ya kuiwasha programu hiyo. Kama haipo, safisha folda ya vipakuliwa kila jioni, kwani dirisha la faragha halifuti vyeti na barua alizopakua msomaji.

Mwisho chomoa kipanya, zima skrini, vaa vipokea sauti. Washa NVDA, fungua katalogi, bonyeza E ufike kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza Enter, andika jina la kitabu, bonyeza Enter tena, kisha K upite viungo vya matokeo. Usipofika kwenye namba ya rafu, kompyuta hiyo bado haijawa tayari kwa wasomaji.